Kadari na Dhima: Nani Anajibu kwa Ajali ya Barabarani?

Kila ajali kubwa ya barabarani huzaa maswali mawili. La kwanza ni la imani: kwa nini mtu huyu, saa hii, mahali hapa? La pili ni la haki: nani alipaswa kuizuia, na nani sasa anapaswa kulipa? Mjini Bujumbura, kwenye matanga ya Buyenzi, Bwiza au Kanyosha, jibu la swali la kwanza mara nyingi hutumika kulifunga la pili. Ikishasemwa kwamba Mungu amependa, anayeuliza habari za breki, mwendo wa gari au bima huonekana kama anayebishana na Mungu. Methali nayo huongezwa: ajali haina kinga. Wafiwa wanaitikia, dereva anaomba radhi, na mambo yanaishia hapo.

Hata hivyo, dini zinazotajwa kwenye matanga hayo hazikuyachanganya maswali hayo mawili. Wakristo, ambao ndio wengi nchini Burundi, na Waislamu, ambao Buyenzi na Bwiza ni mitaa yao ya tangu enzi za ukoloni, wote wana mafundisho ya kale kuhusu mtu aliyeua bila kukusudia. Mafundisho hayo humwachia Mungu siri ya kifo, na humwachia binadamu hesabu ya uzembe wake.

Barabara na sababu zake

Bujumbura iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kiasi cha mita 800 juu ya usawa wa bahari, na milima imeusimamia mji upande wa mashariki. Barabara ya Taifa namba 1, inayojulikana kama RN1, hupanda kutoka mjini hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa mwendo wa kilomita 35 hivi tu. Kutoka Bugarama njia moja huenda Kayanza na Rwanda, nyingine Muramvya na Gitega. Kwenye mteremko huo waendesha baiskeli hushuka na mikungu ya ndizi, mboga na magunia ya makaa, na wakati wa kurudi hushika nyuma ya malori ili yawavute hadi juu. Lori likikatika breki, au likisimama ghafla kwenye kona, wa kwanza kuumia ni hao wasio na bodi wala mkanda wa kuwakinga.

Chini mjini, bisi za Hiace, teksi, tuk-tuk, pikipiki za abiria, baiskeli na waenda kwa miguu hugombea njia moja. Burundi huendesha upande wa kulia, lakini magari mengi yaliyotumika yaliyoagizwa kutoka Japani yana usukani upande huohuo wa kulia, kwa kuwa yaliundwa kwa nchi zinazoendesha kushoto. Dereva wa gari la namna hiyo akitaka kulipita lori, lazima atoe sehemu kubwa ya gari lake kwenye njia ya wanaokuja ndipo aone mbele. Machi 2022 serikali ilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na tuk-tuk katikati ya jiji, ikitaja kupunguza ajali kuwa miongoni mwa sababu.

Tatizo hili si la mji mmoja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani ulimwenguni mwaka 2021, zaidi ya tisa kati ya kila kumi wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, ajali za barabarani ndizo zinazoua kuliko sababu nyingine yoyote. Takwimu hizo zina maana yake katika mjadala wa imani. Kifo kinachofuata mteremko, usukani, ulevi na kipato cha nchi ni kifo chenye sababu zinazotajika, na sababu inayotajika huweza kushughulikiwa. Kusema hivyo hakumpunguzii Mungu kitu; kunamwondolea binadamu kisingizio.

Kadari katika Uislamu

Kuamini kadari, heri yake na shari yake, ni nguzo ya imani ya Kiislamu. Wanatheolojia waligawanyika juu ya namna ya kuielewa. Mu'tazila walisisitiza kwamba binadamu ndiye mwenye matendo yake, la sivyo adhabu ingekuwa dhuluma. Ash'ari walijibu kwamba Mungu ndiye muumba wa kila tendo, ila mja hulichuma, na kwa kulichuma huko hubeba dhima. Pande zote mbili, pamoja na ugomvi wao, zilikubaliana kwamba mja anaulizwa kwa alichokifanya. Hakuna shule iliyomruhusu mtenda kosa kujitetea mbele ya kadhi kwa kusema alikadiriwa.

Kisa kinachotajwa sana ni cha Khalifa Umar bin Khattab katika miaka ya 630. Akiwa njiani kwenda Sham, alipata habari za tauni na akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda bin Jarrah akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar alijibu kwamba anaikimbia kadari moja ya Mungu kwenda kwenye kadari nyingine ya Mungu huyohuyo. Kwa mantiki hiyo, mkanda wa kiti, kofia ngumu ya pikipiki na breki zilizokaguliwa navyo vimo ndani ya kadari. Mafundisho ya Mtume yanaelekea hukohuko: bedui aliyeuliza kama amwache ngamia bila kamba kwa kumtegemea Mungu aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Umar anasimuliwa pia kuwa alihofia kuulizwa na Mungu hata kwa mnyama atakayejikwaa Iraki kwa sababu yeye hakuisawazisha njia. Dhima ya barabara, kwa hiyo, haiishii kwa dereva. Inamfikia na mwenye mamlaka.

Sheria ya Kiislamu iliweka fungu maalumu kwa kuua kwa bahati mbaya, nalo limo katika Sura ya Nne ya Kurani, aya ya 92. Muuaji wa aina hiyo hauawi, lakini haachwi bila deni. Anadaiwa mambo mawili tofauti: diya, yaani fidia ya damu, kwa familia ya marehemu, na kafara kwa Mungu, ambayo kwa asiyeweza kumwacha huru mtumwa ni kufunga miezi miwili mfululizo. Familia ina haki ya kusamehe diya, na msamaha huo unahesabiwa kuwa sadaka. Msamaha ni mali ya aliyefiwa: dereva hawezi kujigawia, wala jamaa na majirani hawana haki ya kuukamua kutoka kwa mjane siku ya mazishi. Mwaka 1993, katika kikao chake cha nane huko Brunei, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilizitazama ajali za magari na kuamua kwamba dereva huwajibika kwa madhara anayosababisha, isipokuwa kama ajali imetokana na nguvu asiyoweza kuizuia, au kosa la aliyeumia mwenyewe, au kosa la mtu wa tatu.

Biblia na mapokeo ya Kikristo

Injili ya Luka, sura ya 13, inataja mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu kumi na wanane. Yesu alikataa dhana kwamba waliokufa walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu. Kukataa huko ni faraja kwa familia ya Bujumbura inayonong'onewa kwamba mtoto wao amegongwa kwa sababu ya dhambi ya nyumbani au laana ya ukoo. Aliyeumizwa si mshtakiwa.

Agano la Kale linachambua kosa kwa undani zaidi. Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, inamzungumzia mtu anayekata mti, shoka likachomoka mpini na kumuua mwenzake. Huyo alitengewa mji wa makimbilio ili asiuawe kwa kisasi. Lakini Kutoka, sura ya 21, inatofautisha ng'ombe aliyepiga pembe kwa mara ya kwanza na yule ambaye mwenyewe alikwisha kuonywa juu yake na hakumfunga. Katika hali ya pili dhima ya mwenye ng'ombe inakuwa nzito sana. Mwenye bisi anayejua kwamba breki zimelegea na bado anaipeleka Bugarama anaangukia fungu hilo la pili. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inaongeza sharti la kuzuia madhara kabla hayajatokea: ajengaye nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka paa, ili damu ya atakayeanguka isiwe juu ya nyumba yake.

Katika karne ya 13 Thomas Aquinas aliuliza kama anayeua kwa bahati ana hatia. Alijibu kwamba hana, ila kama alikuwa akifanya jambo lisilo halali, au hakuchukua tahadhari iliyompasa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kifungu cha 2290, imelileta wazo hilo barabarani: anayehatarisha usalama wake na wa wengine kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi ana hatia nzito. Juni 2007 Vatikani ilitoa mwongozo wa kichungaji kuhusu barabara, wenye amri kumi za madereva. Hatia, kwa mafundisho haya, huanza dereva anapoketi kwenye usukani akiwa amelewa, hata kama siku hiyo atafika salama.

Bahati na kosa katika falsafa

Aristotle, katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako, aligawa madhara katika mafungu matatu. Kuna msiba, ambapo jambo limetokea kinyume na matarajio yote ya busara. Kuna kosa, ambapo mtu hakukusudia uovu lakini alipaswa kuona mbele. Na kuna udhalimu, ambapo mtu alijua na akachagua. Kwa mazoea, lugha ya msibani huzitupa ajali zote kwenye fungu la kwanza. Uchunguzi wa polisi na mahakama, ukifanywa vizuri, ni kazi ya kuzirudisha kwenye mafungu yake.

Ugumu unabaki. Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walichapisha makala mbili kuhusu bahati katika maadili. Tuseme madereva wawili wamepuuza breki zao kwa kiasi kilekile. Mmoja anashuka mtaa wa Musaga na kukuta njia tupu. Mwingine anakuta mtoto akivuka. Uzembe wao ni mmoja, lakini wa kwanza analala nyumbani na wa pili anaitwa muuaji. Je, ni haki kuwapima tofauti kwa jambo ambalo hakuna kati yao aliyelichagua? Williams aliongeza mfano wa dereva wa lori asiye na kosa lolote aliyemgonga mtoto: watu watamfariji, na bado wangemshangaa kama asingehisi chochote zaidi ya mpita njia.

Mapokeo yaliyotajwa yana jibu la vitendo. Kafara humpa asiyekusudia njia ya kubeba uzito wake bila kuitwa mhalifu. Adhabu hupimwa kwa uzembe, fidia hupimwa kwa madhara. Mwenye bahati mbaya haadhibiwi kwa bahati yake, lakini aliyevunjika mguu haachwi na bili kwa sababu tu aliyemgonga hakuwa na nia mbaya.

Haki ya aliyeumia mbele ya sheria ya Burundi

Mgawanyo huohuo umo katika sheria za nchi. Upande wa jinai, kuua au kujeruhi mtu kwa kukosa tahadhari ni kosa hata pasipo kukusudia. Upande wa madai, Kitabu cha Tatu cha Sheria ya Kiraia, kilichotokana na dikrii ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji ya Julai 30, 1888, kinasema katika kifungu cha 258 kwamba aliyemsababishia mwenzake hasara kwa kosa lake ni lazima aifidie. Kifungu cha 260 kinapanua mzunguko: mtu hujibu pia kwa wale walio chini yake na vitu vilivyo katika ulinzi wake. Kwa hiyo mwajiri anaweza kudaiwa kwa kosa la dereva wake, na mzazi kwa kosa la mtoto anayeishi naye.

Bima ya gari kwa madhara yanayowapata wengine ni ya lazima. Kwa magari yanayovuka mipaka upo mpango wa Kadi ya Njano ya COMESA, unaofanya bima iliyokatwa katika nchi moja mwanachama imlinde aliyeumizwa katika nchi nyingine. Kwa waumini wanaouliza kama bima ni kukosa imani kwa Mungu, jibu limo katika diya yenyewe: katika fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, diya ya kuua bila kukusudia haikumwangukia muuaji peke yake, bali ilichangwa na ukoo wake. Mzigo wa bahati mbaya kubebwa na wengi ni desturi ya kale kuliko kampuni za bima.

Haki hizi hazijitekelezi zenyewe. Aliyeumia, au jamaa yake, anahitaji polisi wafike na kuandika PV (taarifa rasmi ya tukio), namba ya gari na ya bima, majina ya mashahidi, cheti cha daktari kinachoeleza majeraha, na risiti za dawa na matibabu. Kesi ya jinai ikifunguliwa, anaweza kuingia humo kama mdai wa kiraia na kuomba fidia palepale, bila kufungua kesi ya pili. Asiye na uwezo anaweza kutafuta msaada kwa mawakili na mashirika ya haki. Shirika la Avocats Sans Frontières, kwa mfano, limefanya kazi ya msaada wa kisheria nchini tangu mwaka 1999.

Njia nyingine ni suluhu. Burundi ina mapokeo ya Bashingantahe, wazee waliokula kiapo cha haki ambao kazi yao ni kusikiliza, kuamua na kupatanisha. Kikao cha namna hiyo kinaweza kufanya jambo ambalo mahakama haifanyi vizuri: kuwakutanisha dereva na wafiwa uso kwa uso. Hatari yake ni haraka. Mgonjwa anayetia saini karatasi ya kumaliza mambo siku ya tatu, kabla daktari hajajua kama mguu utapona, anauza haki asiyoijua kiasi chake. Upatanisho wa mioyo hauhitaji kufuta dai dhidi ya bima, na wazee wenye busara huyaweka mambo hayo mbalimbali.

Uzito wa suala hili huonekana hospitalini. Septemba 2006 shirika la Human Rights Watch, pamoja na shirika la haki za binadamu la Burundi, APRODH, lilitoa ripoti kuhusu wagonjwa maskini waliozuiwa katika hospitali za Burundi kwa kushindwa kulipa. Mahali ambapo deni la matibabu linaweza kumfanya mtu mateka, fidia inayocheleweshwa ni jeraha la pili. Msamaria wa Injili ya Luka husifiwa kwa kusimama njiani. Husahaulika kwamba alimlipa pia mwenye nyumba ya wageni na kuahidi kulipa gharama zitakazozidi. Kumfuatilia majeruhi hadi bili yake ya mwisho ni sehemu ya huruma hiyohiyo.

Kijana na ufunguo wa gari

Swali la dhima huwa kali zaidi dereva akiwa kijana. Nchini Burundi dhima ya jinai huanza miaka 15, leseni ya gari hutolewa kuanzia miaka 18, na utu uzima wa kiraia hufikiwa miaka 21. Ngazi hizo tatu zinaonyesha kwamba sheria haiamini kuwa mtu hukomaa kwa siku moja.

Fiqhi ilikwisha kuona hivyo. Inatofautisha kubalehe na kupevuka akili. Sura ya Nne, aya ya sita, inawaagiza walezi wawajaribu yatima na kuwakabidhi mali yao pale tu wanapowaona na busara, si kwa kuwa miili yao imekua. Kama pesa ya kijana hukabidhiwa baada ya kujaribiwa, gari lenye uwezo wa kuua watu wengi lastahili mashaka makubwa zaidi. Sayansi ya ubongo inakubaliana: sehemu ya mbele, inayopima hatari na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Uzoefu wa nchi nyingi unaonyesha pia kwamba hatari ya dereva kijana hupanda usiku na anapobeba vijana wenzake.

Juu ya ujuzi huo, New Zealand ilianzisha mwaka 1987 leseni ya hatua kwa hatua: mwanafunzi huendesha akiwa na mtu mzima, kisha peke yake kwa masharti ya usiku na abiria, ndipo hupata leseni kamili. Mzazi wa Bujumbura anaweza kuufuata utaratibu huo nyumbani. Kijana aanze mchana kwenye njia tambarare, na mzazi kando yake, RN1 na usiku vije mwisho, marafiki wasijaze gari mwaka wa kwanza, simu izimwe, pombe na ufunguo visikutane. Kwa kijana anayetafuta riziki kwa pikipiki, leseni, kofia ya dereva na kofia ya abiria ni vifaa vya kazi, na mwenye pikipiki anayemkodisha asiye navyo anafanana na yule mwenye ng'ombe aliyekwisha kuonywa.

Wapo vijana wanaojitetea kwa imani: rozari inaning'inia kwenye kioo, au dua imebandikwa, basi Mungu atalinda. Injili ya Mathayo, sura ya nne, inamweka Yesu juu ya kinara cha hekalu akishawishiwa ajirushe kwa kuwa malaika watamdaka. Alikataa, kwa sababu huko ni kumjaribu Mungu. Kurani nayo, katika Sura ya Pili, aya ya 195, inawakataza waumini kujitupa kwenye maangamizi kwa mikono yao. Dua ya safari ni kwa yatakayobaki baada ya mtu kufanya yaliyo katika uwezo wake.

Kwa hiyo neno la faraja kwamba Mungu amependa lina mahali pake, napo ni kando ya mfiwa, katika kuustahimili msiba ambao hauwezi kutenduliwa. Halina mahali kinywani mwa dereva anayekwepa PV, mwenye bisi asiyekata bima, kampuni inayochelewesha malipo, mamlaka isiyotengeneza njia, wala mzazi aliyemkabidhi mtoto ufunguo kabla ya wakati wake. Imamu na padri wanaosimamia mazishi wana nafasi ya kuyasema yote mawili: wawaombee marehemu rehema, kisha wawaulize walio hai ni nani atakayewalipia majeruhi matibabu na nani atakayezikagua breki kabla ya safari ijayo.